Leseni ya Masele

Mtu mwenye kalamu akikuuliza jina la mwanao, mtajie jina la mwanao. Usimtajie la mwingine kwa kudhani unamficha mtoto. Mbuke wa Tinde alifanya hivyo, mchana kweupe, hakuna aliyemtisha wala kumshika mkono, na hasara yake haijaisha mpaka leo.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1954. Mbuke alikuwa anakaa Geita, karibu na mgodi wa dhahabu, yeye na mwanawe wa pekee, Onesmo. Kijana huyo alishuka shimoni akiwa na miaka kumi na saba. Alisukuma vigari vya mawe miaka miwili, hali kitu cha maana, havai kitu cha maana, mpaka akanunua cherehani ya miguu. Siku aliyoileta nyumbani, vijana wanne wameibeba kama mgonjwa, aliaga mgodi. Akakodi kibaraza cha duka sokoni, akaanza kushona. Kaptula za wachimbaji, magauni ya wake zao, viraka vya mtu yeyote. Mama yake alikaa mkekani ubavuni pa cherehani, akishona vifungo na kupuliza mkaa wa pasi.

Jirani zao wa kibaraza walikuwa wawili. Melania, mwanamke wa Kizinza, aliuza dagaa walioanikwa Nkome. Theonest, Mhaya mwenye kipara na maneno mengi, alitengeneza baiskeli. Hao ndio waliokuwapo siku tarishi wa mwanangwa, mkuu wa eneo, aliposimama katikati ya soko akasoma tangazo. Kila mtu anayefanya kazi yake mwenyewe, fundi au muuzaji, awe mkubwa au mdogo, ajiandikishe na kukata leseni kabla mwezi haujaisha. Asiyejiandikisha, kazi yake itasimamishwa na vyombo vyake vitachukuliwa.

Tarishi alipokunja karatasi, Melania alisonya.

"Mimi dagaa wangu debe moja na nusu. Debe moja na nusu nayo ni biashara? Biashara ni ya yule mwenye mizani na mapipa."

"Debe moja na nusu kila wiki, tangu nikujue," Theonest alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye tairi. "Zijumlishe hizo wiki, utaona na wewe una mapipa."

"Wewe Mhaya ulizaliwa na karatasi mkononi."

"Na nitakufa nayo. Askari akipita namwonyesha, ananisalimia, anakwenda zake. Wewe akipita unakimbilia chooni."

"Sikimbii. Huwa nimebanwa."

Watu wakacheka. Melania naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini mwaka wa kwanza ni leseni. Mwaka wa pili watauliza umeuza kiasi gani. Mwaka wa tatu watakuja kuhesabu vichwa vya dagaa. Mtu mdogo akijitokeza ameonekana, na akionekana hakuna pa kujificha tena."

"Mtu mdogo asiyeonekana hana pa kusemea akidhulumiwa," Theonest akajibu. "Nani atamtetea? Hayumo kitabuni."

Onesmo alisikiliza yote mguu ukikanyaga cherehani, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha amua. Mbuke hakusikia hata nusu ya mabishano hayo. Alikuwa amekwama kwenye neno moja. Ajiandikishe.

Neno hilo alilisikia mara ya kwanza mwaka 1943, wakati wa vita. Tarishi mwingine, soko la Tinde, maneno yale yale: wanaume wenye nguvu wajiandikishe. Mumewe, Masele Ngassa, alikuwa shambani anapalilia karanga. Aliitwa, akaandikwa jina, akapewa kipande chenye namba, akapandishwa treni na wenzake kwenda kukata mkonge upande wa Tanga. Alisema ni miezi tisa. Miezi tisa ikapita, ikapita mingine. Vita vikaisha. Wenzake wawili wakarudi wamekonda. Mmoja alisema alimwacha Masele hospitali ana homa. Wa pili alisema hapana, alimwona kwa macho yake akipanda treni nyingine, haijui ya wapi. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu.

Shemeji yake, Bujiku, alingoja miaka mitatu kisha akataka matanga yakaliwe, watu walie wamalize, na mjane anyoe nywele. Mbuke alimwambia hawezi kumlilia mtu aliyemwona akiondoka anatembea kwa miguu yake. Wakagombana. Maneno yalipozidi alimshika Onesmo mkono, wakahamia Geita, ambako hakuna aliyejua kama yeye ni mke au mjane. Watu walimwita Mama Onesmo, naye jina hilo lilimtosha.

Kwa hiyo msomaji asimcheke. Wengine waliposikia kuandikishwa waliona karatasi. Yeye aliona treni.

Jioni, walipokuwa wanakula michembe ya viazi, alianza kwa mbali.

"Hiyo leseni si lazima upesi."

"Mwisho wa mwezi, mayu. Si mbali."

"Watu wengi hawataandikishwa. Melania haandikishwi."

"Melania ataandikishwa kabla yangu, utaona." Onesmo akacheka, kisha akasogea. "Sikia. Mwalimu mkuu wa shule ya misheni alipita juzi. Anataka fundi wa kushonea watoto wote kaptula za kaki, mwaka huu na mwaka ujao. Ila akasema wazi, hampi mtu asiye na leseni. Kazi hiyo nikiipata, naongeza cherehani ya pili."

"Na wakishakuandika, wakikuita?"

"Waniite wapi?"

Mbuke akamwongezea michembe. Angejibu hapo, angesema mkonge, angesema baba yako, pengine kijana angemweleza akamwelewa, na haya yote yasingekuwapo. Lakini tangu wahamie Geita walikuwa hawamtaji Masele ndani ya nyumba ile. Yeye kwa sababu ya uchungu, mtoto kwa sababu ya kumwogopa mama na uchungu wake. Wakamaliza michembe.

Wiki ya pili Melania alileta habari kwamba karani wa leseni atafika sokoni Jumanne. Onesmo hakuwapo habari ilipoletwa. Mbuke aliificha. Usiku ule ule akamwambia mwanawe kwamba wavuvi wa Nkome wameuza vizuri, wanatafuta kaptula, na zile kumi na mbili zilizokwisha shonwa zimekaa bure tu zinaliwa na nondo. Kijana akaona ni kweli. Jumatatu alfajiri akafunga mzigo nyuma ya baiskeli aliyoazimwa na Theonest.

"Karani akija kabla sijarudi, mwambie Alhamisi nipo," alisema.

"Nitamwambia."

Karani alifika Jumanne saa nne, kama ilivyosemwa. Jina lake Athanas, kijana mpole mwenye miwani, amebebewa meza ndogo na kitabu kikubwa. Alikwenda kibaraza kwa kibaraza. Theonest alikuwa tayari, amevaa shati safi, akaandikwa, akaipokea leseni yake kwa mikono miwili. Melania alikuwa ametupia kanga juu ya dagaa.

"Shikamoo, mama. Unauza nini?"

"Marahaba, mwanangu. Siuzi. Nimeketi."

"Na hiyo harufu?"

"Ni mboga yangu ya jioni."

Athanas akaifunua kanga kidogo, akatazama lile debe, akaifunika tena. "Utakula na nani, mama, na jeshi?" Soko zima likaangua kicheko, na Melania, kwa aibu na kwa kucheka pia, akafungua pindo la kanga akatoa ada. Akaandikwa. Halafu karani akageuka upande wa cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Cherehani hii ya nani?"

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Mbuke alikuwa amekusudia kusema mwenyewe hayupo, njoo siku nyingine. Lakini nyuma ya karani walisimama askari wawili, na jana yake walikuwa wamebeba mizani ya mtu upande wa pili wa soko. Akaona wakiinua cherehani. Akaona miaka miwili ya shimoni inaondoka mabegani mwa askari. Mwanawe hawezi kumtoa, na cherehani hawezi kuitoa.

"Ya Masele," alisema.

"Masele nani?"

"Masele Ngassa."

Lilimtoka kirahisi kiasi kwamba alishangaa. Akajiambia ameokoa vyote viwili. Masele walikwisha kumchukua. Mtu aliyekwisha kuchukuliwa hawawezi kumchukua mara ya pili.

"Ni mumeo?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Atarudi lini?"

"Akirudi," alisema Mbuke.

Athanas akatabasamu, akadhani ni ucheshi wa Kisukuma. Akaandika. Akamwomba aweke dole gumba kwa niaba ya mwenye mali, naye akaliweka, jeusi la wino, chini ya jina la mumewe. Theonest alikuwa ameacha kugonga rimu. Aliyasikia yote, akamtazama mama yule, akafungua mdomo, akaufunga. Baadaye alisema alidhani Masele ndilo jina la Onesmo la nyumbani.

Alhamisi Onesmo alirudi kaptula zote zimekwisha. Alipoambiwa leseni imekatwa alimkumbatia mama yake mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mtoto. Kisha akaisoma. Alirudia mara ya pili mdomo ukicheza polepole.

"Mayu, hapa wameandika Masele."

"Ndiyo."

"Mimi siitwi Masele."

"Ni jina la baba yako. Si la mwizi."

"Sikusema la mwizi. Nasema si langu. Karani yuko wapi?"

Karani alikwisha ondoka na kitabu chake kwenda vituo vya mbele. Onesmo alisema kesho atapanda baiskeli amfuate. Mbuke akamwambia, "Nenda. Ukamwambie mama yako ni mwongo, alimdanganya mbele ya askari. Nenda kamwambie."

Onesmo alikuwa mtoto mwenye heshima, na mara nyingine heshima humponza mtu. Kesho yake hakwenda. Keshokutwa mwalimu mkuu alipita, akaiona leseni imetundikwa ukutani, muhuri umekaa vizuri, akaagiza majora matatu ya kaki yaletwe. Baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya kwenda popote. Palikuwa na kazi.

Miezi ile miwili, ukiondoa jambo moja, ilikuwa mizuri. Jambo lenyewe ni kwamba wateja wageni walisoma ukutani. "Fundi Masele," waliita wakifika. "Masele, suruali yangu tayari?" Onesmo aliitika, kwanza kwa kusitasita, baadaye bila kufikiri. Kila mara jina lile lilipoitwa Mbuke aliinua kichwa. Mwili ulitangulia, akili ikafuata. Akaona ni mchimbaji mwenye tope, na anayeitika ni mwanawe, akarudi kwenye vifungo. Mara ishirini kwa siku alirudishiwa mumewe akanyang'anywa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na yeye ndiye aliyelitaja?

Kuna jioni Onesmo alisema, taratibu tu, akikunja kaki, "Nikiitwa hivyo naona kama nimekaa kiti cha mtu."

"Kiti cha baba yako."

"Ndiyo. Sijui kama atakirudia."

Alikuwa anauliza. Mbuke alilijua kuwa ni swali, akainuka kwenda kutoa majivu ya pasi.

Mwezi wa nane wakaja wakaguzi, wawili na askari mmoja, kulinganisha leseni na wenye leseni. Theonest akaonyesha yake, wakamsalimia, wakapita, kama alivyokuwa anasema. Melania akaonyesha yake akiwa ameishika juu kichwani ili kila mtu aione. Wakafika kwenye cherehani.

"Wewe ndiwe Masele Ngassa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Soko zima lilikuwa linamwita hivyo. Mbuke, pale chini mkekani, alimwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Hapana," Onesmo alisema. "Mimi ni Onesmo. Masele ni baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Sijui, bwana. Aliondoka nikiwa na miaka kumi."

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa, akasoma tena leseni, akauliza ni nani basi aliyekwenda kuandikisha mtu asiyekuwapo. Mbuke akainua lile dole gumba, kana kwamba wino ungali upo. Cherehani ikachukuliwa ikawekwe barazani mpaka shauri lisikizwe, na yale majora ya kaki yakaenda pamoja nayo, yamekatwa nusu.

Siku ya shauri baraza lilijaa. Hakimu alikuwa mzee wa pale pale Geita, na karani wake alikuwa yule yule Athanas, ambaye hakuweza kumtazama Mbuke usoni. Hakimu alieleza jambo polepole, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, ili mama asije akasema hakuelewa.

"Kama Masele yu hai na cherehani ni yake, kijana hana kosa, anamfanyia baba yake kazi. Cherehani itakaa hapa, aje mwenyewe aichukue. Kama Masele amekufa, leseni hii ni batili, wewe mama utatozwa faini kwa kudanganya, kijana atajiandikisha kwa jina lake, naye ataichukua cherehani yake. Ni mambo mawili tu. Sasa nijibu. Mumeo yu hai?"

Kwa mtu wa pembeni hilo ni swali jepesi. Neno moja tu, na cherehani inarudi nyumbani. Onesmo alimgeukia.

"Mayu, sema."

Mbuke alijua la kusema. Alikuja amejiandaa, njia nzima analirudia. Lakini alipofungua mdomo alimwona Athanas amechovya kalamu, anangoja, na akaelewa kwamba neno lile likitoka litaandikwa. Shemeji yake aligombana naye alitamke, na hakulitamka. Wanawake wa Tinde walioolewa msimu mmoja naye walikuja kumpa pole, akawarudisha mlangoni. Sasa alitakiwa kumwua Masele mwenyewe, kwa mdomo wake, ili apewe cherehani.

"Sijui," alisema.

"Sijui siwezi kuiandika, mama."

"Sijui, bwana hakimu. Nikisema yu hai nitakuwa nimedanganya. Nikisema amekufa nitakuwa nimedanganya pia. Aliondoka anatembea."

"Karani alipokuuliza ulisema kasafiri."

"Si kasafiri?"

Wengine walicheka huko nyuma, kisha wakaona hakuna cha kuchekesha, wakaacha. Hakimu aliegemea kiti. Alisema basi, mtu akiwa hajulikani alipo, mali yake inatunzwa na baraza mpaka ajulikane, na yeye hana la kuongeza. Akainua mkono kumwita mwenye shauri linalofuata.

"Amekufa," Onesmo alisema.

Alisema akiwa wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Mimi ni mwanawe wa pekee. Baba yangu, Masele Ngassa, amekufa. Niandikeni mimi ndiye niliyesema. Mama asiulizwe tena."

"Una hakika?"

"Angekuwa hai angerudi. Mimi namjua, au sikumjua. Lakini angerudi."

Kalamu ya Athanas ikatembea. Mbuke alisikia kelele yake kwenye karatasi, ndogo sana, kama panya kwenye maganda ya karanga. Ikakoma. Masele alikuwa amekufa, mwezi wa nane, siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, mbele ya watu aliokuwa hawajui hata majina yao, na mkewe hakupewa hata nafasi ya kujitupa chini, kwa sababu shauri la mbuzi wa mtu lilikuwa linaitwa.

Faini ililipwa. Onesmo aliandikwa, Onesmo Masele Ngassa, akaweka sahihi kwa mkono wake. Haikuchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha uji. Hakuna treni iliyokuja. Hakuna aliyempa kipande wala namba. Jambo lote aliloliogopa mama yake lilikuwa hilo, na lilikuwa limekwisha.

Lakini kaki ya shule ilikuwa imekwisha pelekwa kwa fundi mwingine. Mwalimu mkuu alisema anasikitika, kijana anashona vizuri, ila watoto hawawezi kwenda uchi wakingoja mashauri. Sokoni nako wateja walikuwa na mashaka. Aliyemwita Masele alijikwaa katikati ya jina. Wengine waliuliza kwa mzaha kama leo fundi ni marehemu au ni mzima. Onesmo alicheka nao siku mbili tatu. Siku ya nne hakucheka.

Mwezi wa kumi alisema amepata kibaraza Kagongwa, karibu na reli, na leseni amekwisha ulizia, ataikata kule kwa jina lake.

Mbuke hakubishana. Alikunja mkeka, akafunga sufuria mbili na chungu kwenye shuka, akaweka pasi juu. Asubuhi ya safari alikuwa wa kwanza kufika penye lori. Vijana wakapandisha cherehani, wakaifunga kwa kamba. Onesmo alimkuta amesimama na mzigo wake kichwani.

"Mayu, wewe utabaki kwanza."

"Nani atakushonea vifungo?"

"Nitashona."

"Na ukitoka, karani akija, nani atakuwapo kibarazani?"

Kijana alimtua mzigo kichwani, akauweka chini kwa uangalifu pasi isianguke. Alipoinuka alisema, hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma, "Kule nitajibu mwenyewe."

Akamshika mikono yote miwili, akamwomba baraka, akapewa. Lori likaondoka.

Onesmo hakuwa mtoto wa kumtupa mama. Kila mwezi ililetwa barua, na ndani yake noti iliyokunjwa. Mbuke alizipeleka kwa Theonest, akasomewa palepale kibarazani, Melania akisikiliza bila kuficha. Barua ya kwanza ilisema amefika salama, leseni ameipata, watu wa Kagongwa wanalipa vizuri. Ya pili ilisema amepata msichana wa kumsaidia vifungo, binti wa jirani. Ya tatu ilisema mvua zimenyesha na anamsalimu Melania na Mzee Theonest.

"Basi?" Mbuke aliuliza.

"Basi, na jina lake."

"Soma tena mwishoni."

Theonest alisoma tena mwishoni.

Barua ya nne ilifika Januari, siku ambayo soko zima lilikuwa mstarini kukata leseni upya. Theonest aliifungua, akaisoma kwanza kimya, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Kisha akakohoa.

"Anasema hajambo. Anasema kazi ni nyingi. Na hapa chini anasema, mama, njoo."

Melania akapiga makofi. Mbuke hakusogea. Alikuwa amekaa kwa muda mrefu sana na watu wanaosema maneno ya kumridhisha, tangu yule aliyemwona Masele akipanda treni nyingine.

"Nionyeshe liliko," alisema.

"Lipi, Mama Onesmo?"

"Hilo neno. Njoo. Weka kidole hapo lilipoandikwa."

Theonest akaitandaza barua juu ya tandiko la baiskeli. Kidole chake, cheusi kwa grisi, kikashuka mstari kwa mstari, kikapanda, kikashuka tena, kikatua karibu na mwisho. Mbuke akainama. Hakujua kusoma, lakini neno fupi kama njoo na neno refu alizijua tofauti zake, na neno lililokuwa chini ya kidole kile lilikuwa refu, lilianzia upande huu wa kidole na kutokea upande wa pili.

"Asante, Mzee Theonest," alisema. Akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akaitia kifuani, akauliza kama mstari wa leseni bado ni mrefu, maana Melania hana wa kumshikia zamu.